Kochi la Sindano

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Fundi Springi, ndivyo mtaa mzima unavyonijua
Umri: miaka 47
Kazi: fundi wa makochi
Makazi: chumba cha nyuma ya karakana yangu, mkabala na bomba la maji

Mimi ni mtu mwenye bahati, afande, na naomba uandike hivyo hivyo. Vijana watatu waliokosana na sheria wamepita mikononi mwangu na wote wamenyooka kama ubao uliopigwa randa. Wa kwanza ana karakana yake, wa pili anaendesha gari la mkate, wa tatu ndiye huyu Sindano. Nasema haya ili ijulikane anayeongea hapa si mtu wa kuokotwa.

Sindano ana miaka kumi na tano, jina tumempa kwa wembamba wake. Mwezi wa tatu alivunja kioo cha duka la simu hapo kona akachukua simu mbili. Badala ya kupelekwa mahabusu ya watoto, kamati ya mtaa iliomba imlee yenyewe, na mahakama ikakubali. Tulikaa kikao darasani, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Mwenye duka alisema yake, kijana akaomba msamaha huku anatazama viatu vyake. Mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu, akauliza nani atakaa naye mchana. Nikasimama na kifua mbele.

"Fundi, nakujua kwa maneno," akasema. "Asubuhi unampokea kwa shangazi yake, jioni unamrudisha kwa shangazi yake. Mkono kwa mkono. Haachwi peke yake."

"Mama, hata nikifa mchana, nitamfikisha kwanza ndipo mnizike."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 ya mwezi huu, saa tisa alasiri, tulikuwa na kochi la watu watatu, mali ya mama mwenye saluni. Lilikuwa mifupa mitupu, mbao na springi. Mwenyewe alipita akaliona hivyo, akasema, "Fundi, kesho wageni wangu watakalia misumari?" Nikamwambia alale usingizi. Alipoondoka tu, nikasikia kelele za mpira kutoka banda la video. Nikampa Sindano ufunguo wa karakana ili nikaangalie.

"Na kwa shangazi je?" akaniuliza.

"Kwani wewe mtoto wa chekechea? Ukiulizwa, sema tulikuwa wote mpaka jioni."

"Sawa, mjomba."

Mimi si mjomba wake. Alianza kuniita hivyo wiki ya pili, nami sikumkataza.

Jumapili saa mbili asubuhi nilikuta kochi limevalishwa mgongo mpaka mikono, vifungo vyote vimevutwa sawa. Mama wa saluni alilipapasa akasema, "Fundi, una mikono wewe!" Nikamjibu sikulala usiku kucha. Sindano alikuwa amesimama hapo hapo. Akashika upande wa pili tukalipakia kwenye mkokoteni.

Saa nne mlikuja kumchukua. Duka lile la simu lilikuwa limevunjwa tena Jumamosi, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, mwenyewe akiwa harusini. Kijana aliwaambia alikuwa na mimi mpaka jioni. Mkanigeukia. Nyuma yenu nikamwona mwenyekiti, mikono kaifunga kifuani. Banda zima la video lilikuwa limeniona kwenye mpira, na kusema nilimwachia kijana ufunguo peke yake nikaogopa. Nikasema, "Mimi nilifunga saa tisa, nikamwambia aende kwao." Pale pale kijana akawa mwongo, na mwongo aliyewahi kuiba simu mnamwita mwizi. Aliniangalia mara moja, akapanda gari. Hakunitaja.

Afande, yule alikuwa anashona. Mama wa saluni ataeleza aliona nini saa tisa. Shangazi mtu ameshasema kijana alifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, vidole vimeganda gundi. Kazi ile haipungui muda wa saa tatu kwa anayeijua, na yeye bado anajifunza. Niliishia darasa la sita, lakini hata mimi najua huwezi kuvuta vifungo na kuvunja duka kwa wakati mmoja. Ligeuzeni hilo kochi. Sindano anashonea mkono wa kushoto, uzi wa chini umelala upande usio wangu.

Leo mwenyekiti kaniambia Jumatatu mahakama inaweza kumfunga. "Na tukimpoteza huyu," akasema, "hakuna hakimu atakayetupa mwingine." Nikatoka pale moja kwa moja mpaka hapa kituoni.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Sikulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: Fundi Springi

Mpokea maelezo: Nimemsomea shahidi, amekubali yote isipokuwa aya ya kwanza. Nilimwomba majina ya vijana wale wawili waje kumsemea mwenzao mahakamani. Akaomba niongeze maneno yake haya:

"Hawapo, afande. Sijawahi kupewa kijana mwingine. Ni huyu mmoja tu."