Korongo wa Jalalani

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu: siendi kujifunza kushona. Kila asubuhi nakaa jalalani nachora korongo wale wenye vipara, maana hapo wananisogelea mpaka naona mishipa ya shingo.

Jana kaka yako, maana leo sitaki kumwita baba, aliikuta picha yangu akaipaka rangi nyeupe yote, apate pa kuchora simba wa kuuza.

"Nani atatundika ndege wa takataka sebuleni, mama?" akaniuliza huku akicheka.

Simba wenyewe anawanakili kutoka kwenye kalenda!

Leo nimeanza korongo mwingine kwenye kipande cha boksi. Nitakutumia umtundike kwako. Kaka yako akiuliza kachorwa na nani, tafadhali sema hujui.

Mwanao