Ndugu wa Kahawa Kwenye Mashindano ya Hesabu

Shikamoo Babu,

Huku kwenye mashindano ya hesabu tunalishwa viazi asubuhi, mchana na jioni, na hakuna anayeuliza ndizi ziko wapi.

Leo, baada ya mtihani wa kwanza, nilimkaribisha mvulana wa Bulgaria ninayelala naye chumba kimoja ile kahawa ya kutafuna uliyonifungia. Nilimpa tunda moja. Akalipasua, akakuta punje mbili, akala moja na kunipa nyingine. Kwao ni adabu tu. Kwetu Kibingo hapo tumeshakuwa ndugu wa kuchanjiana, imebaki damu. Nikaila, maana sijui kukataa kwa Kibulgaria.

Sasa mwalimu wetu anasema huyohuyo ndiye wa kumshinda kesho, nawe ulitufundisha kwamba ndugu wa kahawa hanyang'anywi kitu, na anayemnyang'anya hutozwa faini. Ningekuomba ruhusa, lakini kadi hii itafika mtihani umeshakwisha zamani.

Mwambie Bibi sweta lake silivui hata kitandani, na nawakumbuka wote wawili kila nikionyeshwa kiazi.

Kesho nitamshinda. Tafadhali anza kumnenepesha mbuzi wa faini.

Mjukuu wako,
Deo