Kalamu Nilizozivunja Mwenyewe

Bigwa, Morogoro

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje baada ya ile dawa? Huku mimi ni mzima. Mvua imeshika milima tangu Jumatatu, nguo hazikauki.

Juzi uliponieleza kwenye simu kwamba mwanangu Zawadi hajui kushika penseli, kwamba mwalimu anamchapa vidole na sasa hataki tena shule, nilikujibu "sawa" nikakata. Usidhani nilikasirika. Nilirudi darasani nikagawa karatasi. Mwaka wa pili huu nafundisha watoto wa wenzangu kushika penseli, wangu nimekuachia wewe. Naona aibu, Mama, ila hata machozi hayaji.

Ngoja nikueleze tunavyofanya hapa chekechea. Penseli hatuanzi nayo. Tunaanza na kupaka rangi kwa kalamu za nta, tena nazivunja vipande vifupi. Wiki iliyopita bibi wa mwanafunzi mmoja, anayeshuka na ndizi kutoka mlimani, alinijia juu.

"Mwalimu, mjukuu wangu nimemnunulia kalamu nzima, wewe unazivunja! Kakukosea nini?"

Nikampa bibi mwenyewe kalamu ndefu. Akaikamata kwa ngumi, kama mwiko. Nikampa kipande. Ngumi haikupata nafasi, vikabaki vidole vitatu, vilevile vya kushikia penseli. Akachora mkungu wa ndizi, akaupaka kijani mpaka ncha, mzigo wake umekaa mlangoni.

"Kumbe!" akasema. Watoto wote wakacheka. Mimi nikakusanya karatasi.

Kwa hiyo nimetuma boksi la kalamu kwa basi. Zawadi apake kidogo kila siku. Akipitiliza mstari usimkemee, muulize tu anapaka nini, utashangaa maneno atakayokupa. Vidole vikipata nguvu, penseli haitamtesa. Na tafadhali, Mama, nenda kwa mwalimu wake umwombe asimchape tena. Mwambie anayeomba ni mwalimu mwenzake.

Nisalimie kaka na wanawe, na shangazi aliyekuwa akinisuka.

Ukifungua boksi usimlaumu kondakta. Kalamu hazikuvunjika njiani. Nilizivunja mwenyewe, moja moja, kwa kipimo cha vidole vya Zawadi ninavyovikumbuka. Kama vimeshakua kuzidi hapo, niambie.

Mwanao,
Rehema