Shangazi Aliyempenda Komiseri

Shangazi yangu,

Wanawake wanaoleta samaki wa kukausha kutoka Vitshumbi waliniambia kwamba umezikwa huko, na kwamba homa haikukuchukua hata siku nne. Waliniambia pia kwamba hukumwachia mtu neno. Hilo halikunishangaza. Ndilo linalonichoma.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu uliponikuta nyuma ya meza yako pale sokoni Kituku, nikisoma badala ya kufukuza nzi juu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, cha zamani, nimekiazima parokiani. Uliuliza kinasema nini. Nikakueleza kwamba kuna Komiseri mmoja wa polisi anayechechemea, ambaye kila anapofikiri humenya chungwa, na sasa anatafuta ni nani aliyemuua daktari wa kijiji.

"Mutu mwenyewe alishakufa," ukasema. "Anamutafutia nini tena?"

"Anataka kujua."

Ulicheka. Lakini kesho yake, mitumbwi ikiwa bado mbali, uliniambia nisome na nitafsiri polepole. Haukupita mwezi, wateja wakawa wanasimama na mabeseni yao mkononi, unawaambia wangoje, Komiseri yuko karibu kumukamata mutu. Hukujua kusoma hata jina lako, lakini mara nyingi ulimtambua muuaji kabla yangu. "Huyu binamu yake," ulisema siku moja, "anajibu mbio sana." Ulipenda zaidi mwisho, pale Komiseri anapowaita wote katika chumba kimoja, anawakalisha, kisha analitaja jina. Ulikuwa unapiga paja. "Ni vile," ulisema. "Mbele ya wote."

Volkano ilipolipuka tulikimbilia Gisenyi, wewe na bwana yako, mimi na papa na mama. Ulibeba sufuria, godoro, na kitabu ndani ya kitenge. Chini ya plastiki, mvua ikinyesha na mji wetu ukiwaka nyuma yetu, uliniuliza tulikuwa tumefika wapi. Papa alikasirika. Bwana yako akamwambia, "Acha asome, shemeji. Nyumba zilishaungua."

Nilimpenda bwana yako. Mtaa mzima ulimwita Papa Sifa, kwa jina la mtoto wenu aliyekufa mchanga, na waliotengenezewa milango naye walimwita Fundi. Papa peke yake alimwita Gasore, jina la utoto, la walipokuwa wanachunga ng'ombe pamoja kule Masisi. Hata wewe hukulitumia.

Tuliporudi, parsele zetu mbili, viwanja vilivyopakana, zilikuwa chini ya mawe meusi na mpaka haukuonekana tena. Bwana yako alipima kwa kufuata karatasi zake, akajenga. Papa alisema amekula hatua zake sita. Miaka kumi walisalimiana kwa kichwa tu.

Kisha waasi waliingia mjini. Asubuhi moja ulikuwa unafua, mimi nikichambua maharage mbele ya jiko lako. Wanaume watatu wenye bunduki walisimama kwenye lango. Mmoja aliuliza, bila ukali:

"Gasore ni nani hapa?"

Bwana yako aliinuka haraka, kama mtu anayeitwa na rafiki. "Ni mimi," akasema. Wakaenda naye. Hakurudi, na kila ofisi tuliyoingia ilitutuma kwa nyingine.

Ulilisikia jina lile. Nilikuona. Mikono yako ilisimama ndani ya maji.

Miezi ilipita, tukakubali kufanya matanga bila maiti. Kabla ya hapo papa alikuwa ameshaanza kusogeza mawe ya mpaka. Ulienda kumwona, nami nikakufuata. Ulimuuliza jambo dogo tu. "Kaka, asubuhi ile walipokuja, ulikuwa wapi?"

"Kanisani," akajibu hapo hapo.

Wewe na mimi tulijua kwamba wiki ile kanisa lilikuwa limefungwa kwa sababu ya masasi yaliyokuwa yanalia mjini.

Siku ya kumaliza matanga uliwaita watu kwako: papa na mama, wazee wawili wa ukoo kutoka Rutshuru, mchungaji, na mimi. Ulituonyesha mwenyewe kila mmoja pa kukaa. Nilielewa unachotaka kufanya. Nilimwogopea baba yangu, na nilitaka useme. Ulisimama katikati, ukamtazama muda mrefu. Yeye alitazama viatu vyake.

"Nimewaita tukule," ukasema. "Samaki itapoa."

Ukampakulia yeye wa kwanza.

Asubuhi yake nilikufuata mpaka kwenye basi la Rutshuru, njia ya Vitshumbi. Nilikuuliza kwa nini hukusema.

"Niseme, halafu nani atakuja kumukamata? Wale wale?" Ulipanda, ukakaa dirishani. "Na wewe unakulaka kwake," ukasema.

Neno hilo la mwisho sijakusamehe. Ulikuwa na pa kwenda, Shangazi. Mimi nilirudi nyumbani, nikala kwake miaka mingine kumi na zaidi, kila jioni, na kila jioni nilijua. Vitabu vya Komiseri nimevisoma vyote, vingine mara tatu, na bado nikikipata kimoja sokoni nakichukua. Navipenda na vinanitia hasira. Mlangoni pa chumba cha Komiseri daima kuna polisi anayengoja kufanya kazi yake.

Papa sasa ni mzee, miguu imekataa. Mama alikufa, papa namwosha mimi. Mwezi uliopita nilikuwa namkata kucha, nikamuuliza, "Papa, ni nani mwingine alijua jina la Gasore?"

Alitazama kucha zilizodondoka chini.

"Nilifikiri watamupiga tu," akasema. "Aogope, anirudishie hatua zangu."

Akaanza kulia. Sikumpangusa machozi. Nilimaliza kucha za mkono wa pili.

Kwa hiyo nakuandikia wazi, Shangazi, ukiwa huwezi tena kunizuia. Kati ya waliokula samaki wale, waliobaki hai ni mzee mmoja wa ukoo, mchungaji, papa na mimi. Mzee na mchungaji watapata kila mmoja nakala yake ya barua hii. Ya papa nitamsomea mwenyewe leo mchana, polepole, mpaka neno la mwisho. Sijui kesho nitamwoshaje.

Lala huko ulikochagua. Mimi nimebaki huku,

Binti wa kaka yako