Mashine ya Mwana wa Mama

Uppsala, 9 Machi 1968

Kwa Mheshimiwa Profesa Sixten,

Salamu, kaka, kama bado unapokea salamu za dada unayemwita mkata vitunguu, eti kwa kuwa nachungulia seli za vitunguu kwa darubini. Theluji haijayeyuka. Mikate yangu ya iliki imeungua leo, maana nilikuwa nakuwaza wewe.

Siku nilipopigilia tasnifu yangu kwa msumari kwenye ubao wa chuo, kama ilivyo desturi yetu kabla ya kuitetea, ulisema mbele za watu, "Gunhild, hilo neno 'kiini' ninyi wa biolojia mmetuibia sisi wa fizikia." Wakacheka. Mtoto wa shule angekwambia kwamba kiini cha seli kiliitwa hivyo miaka themanini kabla ninyi hamjachungulia ndani ya atomu. Lakini kichwa kimejaa medali, elimu itakaa wapi?

Sasa viini vyote viwili vimekutana kwenye titi la mama. Kila asubuhi mashine ya kobalti inammulika kwa miali inayotoka kwenye viini vyenu, ivunje viini vyetu ndani ya seli za saratani. Nimekuandikia mara tatu. Umejibu una mkutano.

Mama hutulia chini ya mashine, hatikisi hata kidole. Jana alimwambia nesi, "Hii ni kazi ya mwanangu. Haji kuniona kwa sababu yuko hapo nyuma ya ukuta, anaiendesha." Kisha akanigeukia. "Au siyo, Gunhild?"

Nikasema ndiyo, mama.

Basi njoo usimame nyuma ya ukuta huo, bwege wewe, nisiwe nimemdanganya.

Dada yako,
Gunhild