Mwalimu Anasema Ndiyo, Mimi Nimethibitisha Hapana

Shangazi wa gazetini, nishike mkono, maana nina furaha ya kutaka kupanda juu ya meza na hofu ya kutaka kujificha chini yake. Mimi ni mtafiti wa hisabati, kazi yetu ni kuchunguza maswali ambayo kompyuta inaweza kuyajibu na yale ambayo haitayajibu kamwe hata ukiipa umeme na muda wote wa dunia, na wiki ijayo watafiti wenzetu kutoka nchi nyingi wanakuja chuoni kwetu kwa mkutano, viti vimeshapangwa, nami nimepewa nafasi ya kuzungumza mara tu baada ya mwalimu wangu, anayefungua mkutano. Ndiye aliyenilea katika kazi hii, wanafunzi wake tunamwita Mzee Chaki kwa jinsi koti lake linavyochafuka, na tangu ujana wake ameng'ang'ania swali moja: je, ipo njia ambayo kompyuta ikiifuata itatatua mafumbo yote ya aina fulani? Yeye husema ipo, bado kidogo tu tuipate, na kila mkutano huwaambia wageni hivyo, nao humpigia makofi.

Shangazi, haipo! Nimethibitisha! Ilinijia nikianika nguo, nikaacha shuka chini nikakimbilia kalamu, nikatafuta kosa sikuliona, nikampa mwenzangu wa ofisini alitafute, akarudi akinikumbatia na kupiga kelele hadi katibu wa idara akaja kuuliza nani amefiwa. Mume wangu, ambaye ni fundi friji, akasema, "Kwa hiyo umegundua haiwezekani, ndiyo mnashangilia? Mimi nikimwambia mteja friji lake haliwezekani, ananinunia."

Sasa balaa. Nilipoombwa kichwa cha mada niliogopa, nikaandika "Machache kuhusu swali la zamani." Mzee Chaki alipokiona kwenye ratiba alinikuta kwenye ngazi, uso wote kicheko: "Binti yangu, kumbe unakuja kuniunga mkono! Nimepunguza hotuba yangu, chukua muda uliobaki." Nami nikajibu, "Ahsante, Mwalimu," nikashuka mbio. Mume wangu anasema nikamwambie mapema, mwenzangu anasema nikaushe, habari kubwa hivi itoke jukwaani ukumbi ulipuke, na sikufichi, ule mlipuko nautamani sana. Nifanyeje?

Mimi, Roho Juu

*

Roho Juu, hongera! Mimi na hesabu tuliachana vibaya shuleni, lakini barua yako imenisimamisha kwenye kiti, na mhariri wangu ananiuliza nina nini. Furahi, mama, furahi bila aibu.

Haya, sasa kaa nikuseme. Umethibitisha jambo litakalowaacha midomo wazi watu wa mataifa, halafu unashindwa kusema sentensi moja kwenye ngazi? Mwenzako anataka mlipuko kwa sababu si yeye atakayekaa mstari wa mbele akilipukiwa. Hebu uone ukumbi huo: mzee anawaambia wageni njia ipo, anapigiwa makofi, anaketi akikutabasamia, kisha unapanda wewe na kumvua nguo mbele ya watu, tena kwa dakika alizokupa mwenyewe. Makofi utayapata, ndiyo. Utamwangalia kwa macho gani?

Kesho asubuhi nenda ofisini kwake, peke yako. Usianze na samahani, hujaiba kitu. Wala usimumunye maneno. Mwambie, "Mwalimu, njia haipo, uthibitisho huu hapa, nataka wewe uwe wa kwanza kuutafutia kosa." Kisha mwachie ubao, unyamaze. Akikasirika, akasirike mlango ukiwa umefungwa, na wewe usikimbie. Hotuba yake ataibadili au hataibadili, hilo ni lake. Ukitoka hapo waandikie waandaaji, kichwa cha mada kiseme wazi kwamba njia haipo. Na mtu yeyote, hata yeye mzee, akikuomba uupunguze makali ukweli huo ili kumstiri, kataa kwa heshima, lakini kataa.

Mzee huyo ameliuliza swali hili maisha yake yote. Hastahili kulisikia jibu kwa mara ya kwanza akiwa amekaa katikati ya wageni.