Birika la Chumba Namba Kumi na Nne

Mpendwa Bi Yamina,

Naomba unisaidie kabla sijamrushia mtu birika. Mimi ni msichana wa Adrar, jangwani kusini mwa Algeria, nasomea ufamasia mwaka wa pili hapa Oran, naishi bweni la wasichana chumba namba kumi na nne pamoja na Tassadit wa Tizi Ouzou na Nawal wa Mascara, na nimefeli kemia, mtihani wa marudio umebakiza siku kumi na tisa, nikifeli tena natolewa ufamasia, na baba ameshautangazia msikiti mzima kwamba binti yake ni mfamasia, hata dawa zake za presha ananipigia simu mimi kuniuliza.

Sasa nisomeje? Nikifungua daftari tu baada ya alasiri, mlango unagongwa. "Mebarka we, kichwa kinanigonga, hebu tutengenezee chai ya kwenu!" Akija mmoja wamekuja wanane, wanakaa kitandani kwangu, juu ya daftari langu, na chai yetu ya Sahara unaijua, ni glasi tatu, huwezi kumnyanyua mgeni kabla ya ile ya tatu, ni kumtukana, na glasi tatu ni saa mbili nzima kama karanga zipo, na karanga mama hunitumia kwa gunia. Nilibandika karatasi mlangoni, NASOMA, wakagonga kuniuliza nasoma nini. Nikahamia maktaba, inafungwa saa kumi na moja, narudi nawakuta wameshachemsha maji, "Tulikuwa tunakungoja wewe tu, dada!" Juzi Nawal akasema leo atamimina yeye ili mimi nisome, akamimina kutoka chini badala ya juu, kama anajaza ndoo, povu hakuna hata chembe, ikabidi nimnyang'anye birika, maana kwetu hata mtoto hanywi kitu kile. Tassadit yeye anatia pamba masikioni anasoma, amefaulu kila somo, wala hanionei huruma. Na kitabu chenyewe ni Kifaransa kitupu, na mimi nimesoma kwa Kiarabu tangu darasa la kwanza, lakini hilo si tatizo, tatizo ni hawa wageni. Niwaambieje waondoke bila kuwavunjia heshima?

Mebarka

Bi Yamina anajibu:

Mebarka mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika.

Wageni gani? Kuna mtu anatoa birika kabatini kila alasiri. Kuna mtu anamwaga karanga kwenye sahani. Nani huyo, jini? Nawal alikupa muda wa kusoma, bila hata kuombwa, ukamnyang'anya birika kwa sababu ya povu. Povu, Mebarka! Na siku zimebaki kumi na tisa.

Halafu jambo kubwa umelichomeka mwishoni, ukasema si tatizo. Ndilo lenyewe. Darasani bila shaka unanakili usichokielewa na unaona haya kunyoosha mkono. Kwenye birika hakuna anayekushinda, watu wanane wanakungoja wewe. Nani asingechagua birika? Mimi nilitoka Timimoun, jangwani huko huko kwenu, nikiwa na miaka kumi na minane, nikawapikia wenzangu wa bweni kuskusi mpaka wakaniita mama. Wao walihitimu. Mimi sikuhitimu, na bado inaniuma.

Kwa hiyo sikiliza. Leo, si kesho, mpe Nawal birika, gunia la karanga na ufunguo wa kabati. Wageni wahamie kitandani kwake. Hakuna heshima ya mtu itakayovunjika, chai wanayo na karanga wanazo. Wewe vuta kiti kwa Tassadit umwambie hivi hivi: "Kifaransa cha kitabu hiki sikielewi, nianzishie ukurasa wa kwanza." Utaona haya dakika moja. Yeye ataitoa hiyo pamba, maana katika barua yako nzima sikuona mahali ulipowahi kumwomba chochote. Maneno mapya yaandike kwenye daftari, kwa Kiarabu upande wa pili, na usilale kabla hajakuuliza yote. Baba akipiga simu kuhusu presha, mwambie amwone mfamasia wa mtaani kwenu, wewe bado unasoma.

Na jioni hiyo hiyo Nawal atamimina kutoka chini. Utasikia chai ikiingia kwenye glasi bila povu, na mkono utakuwasha.

Usigeuke.